Kwa nini wageni wa chai ya Kijapani huinama mbele ya gombo lisilosomeka

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi kutoka Zanzibar, niko Kyoto kwa masomo ya uzamili. Hivi karibuni profesa wangu alinialika kwenye shughuli ya chai ya Kijapani. Kabla ya kukaa mahali pake, kila mgeni alipiga magoti mbele ya karatasi ndefu yenye maandishi meusi iliyotundikwa, akainama, akaitazama kwa muda, kisha akainama tena. Nilimwuliza Mjapani aliyekaa karibu nami kilichoandikwa, akaniambia hata yeye hawezi kukisoma. Niliinama kwa kufuata wenzangu, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Je, ile ilikuwa ibada? Na ikiwa hawasomi, wanaheshimu nini? Tarehe 21 niliona gombo kama lile kwenye soko la hekalu la Tō-ji. Lina herufi tano, muuzaji anasema liliandikwa na mtawa wa hekalu la Daitoku-ji, na bei yake ni yeni 9,000. Mwenzangu alinisomea: matsu ni kokon no iro nashi. Je, ninunue?"

Ndugu yangu, nianze na lile linalokukosesha utulivu. Mimi ni mtu wa magombo na chai, si shehe, kwa hiyo hukumu ya dini nawaachia wenye elimu yake. Ninachoweza kukupa ni habari sahihi ya kile ambacho Wajapani wenyewe hukusudia wanapoinama pale, ili ukienda kuuliza, uulize juu ya jambo lenyewe na si juu ya sura yake tu.

Katika shughuli ya chai, ambayo kwa Kijapani huitwa chanoyu, watu huinama tangu mwanzo hadi mwisho. Mgeni humwinamia mwenyeji, humwinamia mgeni mwenzake kumwomba radhi kwa kunywa kabla yake, na hata bakuli la chai huliinua kidogo kwa shukrani kabla ya kulitia mdomoni. Kuinama mbele ya gombo kumo katika safu hiyo ya adabu, na anayepewa heshima ni mtu aliyeandika pamoja na neno aliloliandika. Sitakuficha kwamba mtu huyo mara nyingi ni mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen, na kwamba chanoyu ilikulia karibu sana na mahekalu ya Zen, kwa hiyo harufu ya dini hiyo imo. Hata hivyo, katika chumba ulichoingia hapakuwa na sanamu wala dua iliyosomwa, na kuna jambo moja ambalo mimi naliona kuwa ni dalili kubwa. Shughuli kamili ya chai huchukua takriban saa nne na ina sehemu mbili. Katika ya kwanza gombo hutundikwa, makaa hupangwa na wageni hulishwa. Kisha wageni hutoka bustanini kupumzika, na wanaporudi hukuta gombo limekwisha kuondolewa na mahali pake pamewekwa ua. Kitu kinachoabudiwa hakiondolewi katikati ya ibada ili kupisha ua.

Ukialikwa tena na moyo wako ukikataa kuinama, mwambie mwenyeji mapema, kwa upole. Kaa mbele ya gombo, weka mikono juu ya mapaja, litazame kwa utulivu, kisha uondoke. Mwenyeji mwenye adabu hatakasirika, kwa sababu alichokitaka kwako ni kutazama. Atakayesikitika ni yule ambaye mgeni wake amepita mbele ya gombo akiwa anachezea simu.

Sasa, wanaheshimu nini? Magombo ya aina hii huitwa bokuseki, neno ambalo ukilichambua linamaanisha nyayo za wino, yaani alama iliyoachwa na mtu aliyepita. Jina hilo linakupa nusu ya jibu. Hati nzuri yenye mistari iliyonyooka si lengo la bokuseki, na baadhi ya zile zinazothaminiwa kuliko zote zina herufi zilizopinda, nyingine nzito na nyingine zimekauka kwa sababu wino ulikuwa unaisha kwenye brashi. Mwandishi hakurudi kuzirekebisha, kwa kuwa katika kazi hii mstari huandikwa mara moja na haupigwi tena. Anayetazama huutafuta mkono wa mtu: mahali alipotua, alipoharakisha, alipovuta pumzi.

Wewe uliyesoma chuo cha Qur'ani Zanzibar utaelewa haraka nikikuambia kwamba bokuseki nyingi za kale zilikuwa ijaza. Mwalimu wa Zen aliporidhika kwamba mwanafunzi wake ameufikia mwamko wa kiroho, alimwandikia kwa mkono wake hati ya kumthibitisha, na kwa hati hiyo silsila ya walimu ikaendelea. Mfano mkubwa kuliko yote umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo na umetangazwa kuwa Hazina ya Taifa: ni hati ambayo mwalimu wa Kichina Yuanwu Keqin, aliyeishi kuanzia mwaka 1063 hadi 1135, alimwandikia mwanafunzi wake Huqiu Shaolong mwaka 1124. Wajapani huiita Nagare Engo, yaani Engo aliyechukuliwa na maji, Engo likiwa ndilo jina la Yuanwu kwa matamshi yao, kwa sababu husimuliwa kwamba ilielea baharini ndani ya bomba la mti mwepesi wa kiri hadi ikafika pwani ya Bōnotsu huko Satsuma, kusini mwa Japani. Iliyobaki leo ni nusu ya kwanza tu. Inasemekana kwamba bwana mkubwa Date Masamune aliitaka mno, na bingwa wa chai Furuta Oribe akaikata ili apate sehemu yake. Mimi kila nikiutazama ukingo wa karatasi ile huona kwamba mapenzi ya vitu yanaweza kuvidhuru kuliko maji ya bahari.

Hati hizo hazikuwa kitu cha chai tangu mwanzo. Katika karne ya 15 wakubwa wa ukoo wa Ashikaga, waliotawala kutoka Kyoto, walipenda kutundika picha kutoka China katika kumbi zao pana, mara nyingi tatu kwa pamoja, huku vyombo vya thamani vikipangwa chini yake ili wageni waone utajiri wa mwenye nyumba. Aliyegeuza njia hiyo, kwa mapokezi ya watu wa chai, ni Murata Jukō, aliyefariki mwaka 1502. Husimuliwa kwamba alisoma Zen kwa mtawa mkali na mshairi Ikkyū Sōjun, na kwamba Ikkyū alimpa mwandiko wa Yuanwu kuwa ushahidi wa alichokifikia. Jukō akautundika mahali anapotayarishia chai. Kwa hiyo mahali pale pale ambapo wakubwa walionyesha walichonacho, yeye aliweka neno la mwalimu wake wa mbali, ambalo linamkumbusha mwenyeji na mgeni kwa pamoja kwamba wote ni wanafunzi.

Uhusiano wa chai na Daitoku-ji, hekalu lililoko kaskazini mwa mji unaoishi sasa, unatokana na watu wale wale. Vita vya Ōnin, vilivyodumu kuanzia mwaka 1467 hadi 1477, viliiteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, na Daitoku-ji ikaungua. Mwaka 1474 Ikkyū, akiwa mzee wa miaka themanini, alipewa kazi ya kulisimamisha tena, na fedha nyingi zilitoka kwa wafanyabiashara wa bandari ya Sakai waliokuwa wafuasi wake. Ni katika bandari hiyo hiyo ya Sakai walikotoka Takeno Jōō na Sen no Rikyū, mabingwa waliokamilisha chai ya chumba kidogo. Rikyū, aliyeishi kuanzia mwaka 1522 hadi 1591, alijifunza Zen kwa Kokei Sōchin wa Daitoku-ji, na kuanzia hapo mwenye chai akitaka mwandiko alielekea huko kama vile mtu wa Unguja anayetafuta karafuu anavyoielekea Pemba. Kitabu kiitwacho Nanpōroku, kilichojitokeza mwishoni mwa karne ya 17 kikidai kuhifadhi mafundisho ya Rikyū, kinasema wazi kwamba hakuna chombo cha chai kilicho kikubwa kuliko gombo, kwamba bokuseki ndizo za kwanza miongoni mwa magombo, na kwamba kinachoheshimiwa ni maana ya maneno pamoja na utu wema wa aliyeyaandika. Wanazuoni hubishana kuhusu kiasi gani cha kitabu hicho ni maneno ya Rikyū mwenyewe, lakini hakuna mtu wa chai anayelipinga jambo hilo.

Mahali gombo linapotundikwa huitwa tokonoma. Ukiitazama utakumbuka vidaka vya nyumba za kale za Unguja na Lamu, ila hiki ni kidaka ambacho mtu mzima angeweza kukaa ndani yake, wala hakuna anayethubutu. Kile kipepeo cha kujipepea, kilichokunjwa, ambacho wageni waliweka mbele ya magoti ni mpaka wa adabu: mimi niko huku, ninachokiheshimu kiko kule.

Kuhusu kusoma, jirani yako alikuambia kweli, na hakuwa mjinga. Maneno haya kwa kawaida ni ya Kichina cha zamani, mara nyingi yamekatwa kutoka katika mazungumzo ya walimu wa Zen wa enzi za Tang na Song, na huandikwa kwa mwandiko wa haraka ambao mikwaju ya herufi, yaani mistari ya brashi inayoziunda, imeunganishwa hadi mtu aliyesoma shule ya kawaida hawezi kuitambua. Utaratibu wa chai unalijua tatizo hilo na umelitengea nafasi. Mgeni wa kwanza, ambaye huitwa shōkyaku, ana wajibu wa kumwuliza mwenyeji kwa niaba ya wenzake: gombo linasemaje, na ni mwandiko wa nani? Mwenyeji hulisoma kwa sauti na kumtaja mwandishi, na kama anapenda hueleza kwa nini amelichagua siku hiyo. Kwa hiyo kutokujua si aibu, ni mlango wa mazungumzo. Nadhani katika shughuli yako mazungumzo hayo yalifanyika kwa Kijapani cha heshima na yakakupita, na jirani yako hakuona namna ya kuyatafsiri. Hilo ndilo ninalolisikitikia katika simulizi yako kuliko kuinama kwako.

Uchaguzi wa gombo ndio kauli ya kwanza ya mwenyeji kwa wageni wake, nayo hutangulia hata salamu, kwa maana wageni huingia na kulikuta yeye akiwa bado nyuma ya mlango wa karatasi. Siku ya joto kali anaweza kutundika herufi moja tu, taki, maporomoko ya maji, huku mkwaju wa mwisho ukiachwa ushuke chini ya karatasi kama maji yenyewe, na wageni wakakaa mbele yake na kuhisi ubaridi ambao haumo chumbani. Majani yanapopukutika utakuta maneno yasemayo kwamba ukifungua lango, majani yaliyoanguka ni mengi. Mwanzoni mwa majira ya joto hupendwa herufi tano zisomwazo kunpū jinan rai, upepo wenye harufu nzuri waja kutoka kusini. Asili yake ni ubeti wa enzi ya Tang uliotungwa katika baraza la mfalme, lakini watu wa Zen huukumbuka kwa sababu Yuanwu, yule yule wa hati iliyoelea, aliutamka mbele ya wanafunzi, na mmoja wao, Dahui Zonggao, akapata mwamko alipousikia. Mjapani huusoma akifikiria majani mabichi ya mwezi wa Mei. Wewe ungeusoma ukiwa na kusi masikioni, pamoja na ubaridi wake na majahazi yake, na sioni kwamba ungekuwa umeusoma vibaya.

Kuna tofauti moja ambayo lazima niitaje, kwa sababu katika nyumba nyingi za pwani yetu hutundikwa Ayatul Kursiyyu kwa khati nzuri, na wengi wenye nyumba hizo hawawezi kuifasiri neno kwa neno. Ni rahisi kuona kufanana kwa mambo hayo mawili, na kufanana kupo katika adabu ya kutazama. Lakini ile hutundikwa kwa sababu ni neno la Mungu, na haibadiliki kwa kuandikwa na fulani au fulani. Bokuseki ni neno la binadamu, na hubeba uzito wa binadamu aliyeliandika: maneno yale yale matano yakiandikwa na mtu hodari wa brashi ambaye maisha yake hayajulikani, mwenyeji makini hatayatundika katika shughuli kubwa.

Uzito huo uliwahi kugeuka kuwa balaa. Katika makumbusho yale yale ya Tokyo kuna mwandiko wa Xutang Zhiyu, mwalimu wa Kichina aliyefariki mwaka 1269, ambaye silsila ya Daitoku-ji inapitia kwake. Huitwa Yabure Kidō, Kidō aliyechanika. Ulikuwa mali ya nyumba ya wafanyabiashara wa Kyoto iitwayo Daimonjiya, na mwaka 1637 mtumishi wao mmoja alijifungia ghalani, akaukatakata, kisha akajiua. Mafundi waliuunganisha tena, na baadaye uliingia mikononi mwa Matsudaira Fumai, bwana wa Matsue aliyekusanya vyombo vingi vya chai. Mtumishi yule alijua ni kitu gani kitawaumiza mabwana zake kuliko fedha. Huo nao ni ushahidi wa heshima, ingawa ni ushahidi mchungu.

Tuje kwenye gombo la Tō-ji. Matsu ni kokon no iro nashi maana yake ni kwamba msonobari hauna rangi ya kale na rangi ya sasa. Majani yake huanguka na mengine huota, lakini huwezi kusema hii ni rangi ya jadi na hii ni ya leo. Maneno haya yana wenzake, ambayo muuzaji huenda hakukutajia: take ni jōge no fushi ari, mwanzi una pingili za juu na za chini. Ukisoma la kwanza peke yake utasikia udumu. Ukiyasoma yote mawili utasikia hoja kamili, kwamba mambo ni sawa na pia yana daraja zake, na kweli hizi mbili hazifukuzani. Ni maneno yanayofaa wakati wowote wa mwaka, na hupendwa zaidi mwaka mpya na katika sherehe. Kwa mtu anayeanza sioni uchaguzi bora zaidi.

Kuhusu mwandishi, kuwa mwangalifu. Mwandiko wa mstari mmoja wa wima kutoka Daitoku-ji ulienea sana kuanzia karne ya 17, watawa wengi wameuandika hadi leo, na kwa hiyo waigaji nao ni wengi. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo, ni uchapaji. Usipoviona usifurahi upesi, maana uchapaji mzuri wa zamani hauna vitone. Tazama mahali mikwaju miwili inapokatana, ambapo wino wa mkono huonyesha tabaka mbili na kingo zake huzama katika nyuzi za karatasi, ilhali wino wa mashine ni mweusi wa aina moja kote. Rangi nyekundu ya muhuri nayo inapaswa kukaa juu ya karatasi kama kitu chenye mwili. Kushoto, karibu na sahihi, huenda ukakuta neno Murasakino, ambalo ni jina la kitongoji cha Daitoku-ji, au maneno zen Daitoku, ambayo ni cheo. Uliza kama lina sanduku la mti wa kiri lenye maandishi juu ya kifuniko, kwani sanduku ndilo cheti cha gombo, ingawa sanduku la kweli limewahi kuwekewa gombo la uongo.

Yeni 9,000 haziwezi kukununulia mwandiko wa bingwa wa zamani, lakini zinaweza kukununulia mwandiko halali wa mtawa wa karne iliyopita, kwa sababu nyumba nyingi mpya za Japani hazina tena tokonoma na magombo yamejaa masokoni. Ushauri wangu: kama mwandiko ni wa mkono, karatasi haina madoa ya kuvu, na neno la msonobari limekushika, linunue soko litakaporudi tarehe 21. Kama unalinunua kwa ajili ya jina la Daitoku-ji tu, liache.

Likague pia umbo lake, maana mwandiko ni sehemu ndogo ya kazi. Karatasi ya mwandiko hubandikwa nyingine nyuma yake, tabaka kwa tabaka, kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo fundi wa kizazi kijacho anaweza kuilegeza kwa maji na kuanza upya bila kuumiza wino. Gundi ya tabaka za nyuma huzeeshwa kwa takriban miaka kumi hadi inakuwa dhaifu, na udhaifu huo ndio unaotakiwa, ili gombo likunjike laini lisivunjike. Karatasi ya mwisho, iitwayo uda, hutengenezwa Yoshino kwa kuchanganywa na udongo mweupe, nayo hulifanya gombo lining'inie wima. Juu na chini ya mwandiko hupita ukanda mwembamba wa kitambaa cha zari, kisha kitambaa kingine kinauzunguka wote, na chini kabisa kuna mti wa kukunjia. Likunjue lote mezani: kama limejipinda pembeni kama jani kavu au lina mikunjo mikali inayokata mwandiko, matengenezo yatakugharimu mara kadhaa ya bei yake.

Ukirudi nalo Zanzibar, adui yako ni unyevu. Usilitundike mwaka mzima kama picha ya ukutani. Litundike kwa siku chache, mbali na jua na upepo wa kiyoyozi, kisha lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, likunje kuanzia chini bila kulikaza, na ulirudishe sandukuni. Siku za masika usilifungue. Lifungue kiangazi, siku kavu, ulipe hewa kwa saa chache ndani ya chumba.

Kabla ya kununua, hata hivyo, kuna jambo moja la kufanya ukiwa huko huko Kyoto. Kwa desturi, mwezi Oktoba, Daitoku-ji hutoa magombo yake nje ya masanduku ili yapate hewa kavu ya vuli, na watu huruhusiwa kuingia kuyatazama yakiwa yametundikwa chumba baada ya chumba. Ni siku moja tu, na mvua ikinyesha hayatolewi. Ulizia kwanza kama mwaka huu yatatolewa, kisha nenda asubuhi mapema, ukae mbele ya miandiko ya watu hao hadi macho yako yazoee mkono wa kweli, ndipo urudi Tō-ji kulitazama tena lile la msonobari.